Mpangaji wa Zamani

Nakiete alisema, "Panua zaidi, mama,"
nikapanua.
Kijiti cha mbao juu ya ulimi,
taa kwenye paji la uso wake kama mchimba madini,
na nje ya dirisha la Bombo
mtu akigombana na mlinzi kwa sababu ya baiskeli.

Siku ya tisa hiyo.
Siku tisa bila kitu chenye chumvi.
Mimi, Mwanamkasi binti Mbega,
mmenya machungwa ya Muheza, barabara ya kumi na tatu,
kisu kimoja, ganda moja refu lisilokatika,
nauza utamu nisioweza kuulamba.
Tone la maji ya chungwa likinirukia mdomoni
nilijua kila kidonda kilipo,
kama mtu anayepita chumbani kwake gizani
akijigonga kwenye vitu alivyonunua mwenyewe.

Wateja hawasemi.
Wanachomoa chungwa la chini ya fungu,
lile wanalodhani sijaligusa,
wanaomba kisu wamenye wenyewe.
Mmoja tu aliuliza, mtoto wa shule:
"Bibi, umeungua na chai?"
Ndiyo, mjukuu wangu. Mkandaa wa moto.
Uongo nao ulichoma ukitoka.

Kinywa ni jumba la maneno, tuliambiwa.
Langu lilikuwa na watu wengine ndani.

"Huyu wa malengelenge," alisema Nakiete,
"ni mpangaji wa zamani.
Pengine aliingia ukiwa mtoto,
shangazi alipokubusu, au kikombe kimoja, watoto sita.
Wengi tunaye. Hata mimi.
Hulala kwenye mshipa wa fahamu, kimya,
hafungui dirisha, hadaiwi kodi.
Kinga ya mwili ikishuka
ndipo anapotoka kukaa barazani."

Kisha akafunga kitambaa kidoleni
akasugua mistari myeupe ubavuni mwa ulimi.
Haikutoka.
"Ungekuwa utando wa fangasi ungebanduka.
Hiki ni kirusi kingine.
Hakiumi. Ila kinasema."

Nilitaka kuuliza kinasema nini.
Akaniwahi:
"Dawa zako, unameza?"

Hapo ndipo nilipojua
mtu anaweza kuachama mpaka taya zikauma
na bado awe amefunga mdomo.

Kwa sababu, Nakiete, shemeji yangu alihamia kwangu
mfungo ulipoanza, na godoro lake na redio yake,
na kati yetu pana pazia la kanga tu.
Na kopo la vidonge hulia.
Hujui linavyolia usiku, Ngamiani ikiwa imelala.
Kwanza nililitia pamba.
Halafu nikawa nalifungua siku moja moja.
Halafu sikulifungua.

Niliyasema haya yote
na kijiti bado kikiwa mdomoni,
maneno yakitoka yamevunjika, mate yakinidondoka,
naye aliyaelewa, neno kwa neno.
Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.
Aliandika dawa ya malengelenge,
mara tano kwa siku,
akanishika kiwiko
akanipeleka mwenyewe chumba cha pili, kwenye faili langu,
ambalo lilikuwa limepata vumbi la miezi mitatu.

Wiki mbili sasa.
Midomo imekauka, imebaki na alama kama ya sahani.
Ile mistari myeupe bado ipo.
Nakiete anasema ulimi hausameheki kwa siku moja.

Jana usiku nilitoa pamba.
Ng'ambo ya pazia shemeji alikuwa na mpira wake redioni,
Coastal wamepata kona.
Nikalitikisa kopo.
Kwa makusudi. Likalia kama kayamba.

Redio ikapunguzwa.
"Nini hicho, Mwanamkasi?"

Nikachukua chungwa, nikalimenya taratibu,
ganda halikukatika.
Nusu nikaipitisha chini ya pazia.
Nusu yangu niliishika tu, maji yakinitiririka mkononi,
hata chumvi sijaizoea bado.

Nikapanua.